Deni Kubwa na Deni Dogo: Niliyosema kwa Wazazi na Vijana wa Newala

Haya ni maneno niliyoyasema Newala, mkoani Mtwara, mwezi Juni, kwenye kikao cha wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita. Wengi hawakufika kwa sababu ni msimu wa kupulizia mikorosho, na salfa haimsubiri mtu. Wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyatamka, ila hesabu zilizokuwa ubaoni nimezieleza kwa maneno.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nijibu swali moja: digrii ya uhandisi inalipa? Kijana akikopa miaka minne, mshahara utalibeba deni, au deni litaubeba mshahara? Swali hili nililiuliza mwenyewe mwaka 2007, fomu ya mkopo ikiwa mkononi, na sikupata wa kunijibu. Marehemu baba yangu aliniambia, "Saini mwanangu, huko mbele Mungu anajua." Nikasaini. Leo mimi ni mhandisi mitambo, na deni langu nililimaliza mwaka 2022. Yale ambayo baba alimwachia Mungu, leo nitayasema kwa shilingi.

Nianze na mama mmoja wa Kitangari. Mwaka jana alinifuata nyumbani akiwa na daftari lake la korosho. Mnalijua daftari hilo, kila nyumba ya hapa inalo: tarehe, kilo zilizopelekwa chama cha msingi, kilo zilizorudishwa kwa unyevu, fedha iliyoingia benki. Kurasa zake zina madoa ya yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole. Akaketi mkekani, akafungua ukurasa mtupu, akanipa kalamu. "Mwanangu anataka uhandisi. Wanasema atakopeshwa. Niandikie hapa, hilo deni ni kilo ngapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Tukahesabu.

Ada ya uhandisi kwenye chuo cha umma tuliiweka milioni 1 na nusu kwa mwaka. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Siku 240 za masomo ni milioni 2 na laki 4. Ongeza vitabu, ongeza mafunzo ya vitendo. Kwa miaka minne inafika milioni 16 na kitu, kwa yule anayepewa karibu kila kipengele. Tukaandika milioni 16 ili hesabu iwe nyepesi. Korosho tukaipa bei ya 3,000 kwa kilo.

Jibu lilikuwa kilo 5,333.

Mama alinyamaza. Mwaka ukiwa mzuri yeye anapata kilo 600. Kwa hiyo ni mavuno ya karibu miaka 9, yote, bila kula, bila kununua salfa, bila kumpa mpaliliaji hata senti. Akalifunga daftari. Nikamwambia, "Mama, lifungue. Hatujamaliza."

Ndugu zangu, hapo ndipo wengi tunapofungia daftari. Tunaliona deni la kijana kwa macho ya shamba letu. Deni la Bodi ya Mikopo, ile ya serikali inayokopesha wanafunzi, halidai shamba lako. Hawataki hati ya kiwanja, hawataki mikorosho yako. Linalipwa na mshahara wa yule aliyesoma. Basi tumuulize mshahara.

Chukueni kijana aliyeajiriwa kampuni binafsi kwa mshahara wa msingi wa 900,000. Huo ni mfano tu, wapo wanaoanza chini ya hapo na wapo wanaoanza juu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mshahara inahesabiwa kwenye 810,000 inayobaki, nayo inakuwa 80,500. Kisha Bodi ya Mikopo: asilimia 15. Asilimia 15 ya nini? Ya mshahara wa msingi, ile 900,000 nzima kabla haijaguswa. Ni 135,000. Kinachoingia mfukoni ni 594,500.

Vijana, iandikeni namba hiyo. Ukiambiwa mhandisi analipwa laki 9, wewe jua anaishi kwa laki 5 na tisini na kitu. Humo kuna kodi ya chumba, kuna nauli, kuna mama Newala anayesubiri, kuna mdogo wako wa kidato cha pili. Usipange maisha kwa namba ya juu ya slipu ya mshahara. Panga kwa namba ya chini.

Na atalipa kwa muda gani? Milioni 16, ukiweka na ile asilimia 1 ya uendeshaji inayotozwa mara moja, ni 16,160,000. Gawanya kwa 135,000. Ni miezi 120. Miaka 10. Mshahara ungekuwa milioni 1 na nusu tangu mwanzo, angekatwa 225,000 na angemaliza kwa miaka 6. Mshahara ukipanda njiani, miaka inapungua.

Miaka 10 ni mingi? Ni mingi, sitawadanganya. Lakini leo ndani ya miaka hiyo deni halikui. Hamuoni uzito wa maneno hayo mpaka niwaambie yaliyonipata mimi.

Nilipoanza kazi makato yalikuwa asilimia 8. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 800,000, nikikatwa 64,000 kila mwezi. Miaka ile kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka. Deni langu lilikuwa kama milioni 9, kwa hiyo tozo peke yake ilikuwa 540,000 kwa mwaka, sawa na 45,000 kwa mwezi. Toeni: 64,000 kutoa 45,000. Nilikuwa nalipa 19,000! Nyingine yote ilikuwa inazuia deni lisinenepe. Nilikuwa kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka kutoka bondeni hadi juu huku kwetu, na wazee wa Newala wanajua kupanda na ndoo kutoka bondeni ni nini. Kisha sheria ikabadilishwa mwaka 2016, makato yakapanda kutoka 8 hadi 15. Mwezi mmoja nikafungua slipu nikakuta pengo. Nililia chooni, kazini, mlango nimeufunga.

Mwaka 2021 tozo ile ya asilimia 6 ikafutwa, na adhabu ya asilimia 10 ya wacheleweshaji nayo ikafutwa. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimemaliza. Deni lile lile, mtu yule yule, ila mzigo umeacha kukua. Kwa hiyo mtu akikutisha leo kwa habari za kaka yake wa mwaka 2014, muulize: hiyo ni kabla au baada ya 2021?

Jambo jingine kwenye slipu. Mkandarasi mmoja niliyefanya kazi kwake, jina lake naliacha, alinikata fedha ya Bodi miezi 14. Kwenye slipu imeandikwa, mfukoni imetoka. Nilipoomba taarifa ya deni langu, miezi hiyo 14 haipo. Alikata, hakupeleka. Ilinichukua karibu mwaka wa barua na slipu za kuthibitisha. Basi nawasihi: taarifa ya deni iombeni kila mwaka, na slipu msitupe hata moja. Mimi zangu ziko kwenye bahasha ya kaki hadi leo, na deni limekwisha.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa Mtwara mjini kuja hapa. Nimesema deni la Bodi ni refu lakini halikui. Je, ni deni gani basi linalomaliza familia za wanafunzi wa Newala, Tandahimba na Masasi? Jibu mnalo wenyewe. Mnalijua kwa jina.

Bodi inatoa mkopo kwa kupima uhitaji. Uhandisi uko kwenye fani za kipaumbele, ni kweli, lakini hakuna aliyeahidiwa asilimia 100. Kuna anayepata bumu lote na sehemu ya ada. Kuna anayekosa awamu ya kwanza akapata ya tatu, na chuo kimeshafunguliwa, na msajili hamsajili mtu ambaye hajalipa. Pale katikati, kati ya alichopewa na alichodaiwa, ndipo familia inapoumia.

Nilisoma na kijana wa Tandahimba. Kichwa kizuri, hesabu alikuwa anazitafuna. Alipungukiwa 300,000 tu. Ilikuwa mwanzo wa muhula, korosho bado maua. Baba yake akaenda kwa mtu wa kangomba. Wageni mtaniwia radhi, mtu wa kangomba ni yule anayekupa fedha leo kwa korosho utakazovuna kesho, kwa bei anayoitaja yeye. Alimtajia 1,000 kwa kilo. Laki 3, kilo 300. Mzee akapokea. Mnada ulipofunguliwa, tufanye bei ni ile ile ya mfano wetu, 3,000. Zile kilo 300 zilikuwa 900,000. Mzee alikopa laki 3 akalipa laki 9, ndani ya msimu mmoja. Na mwaka wa pili? Alirudi tena, maana korosho za kumlipia mtoto zilikuwa zimeshaondoka. Mwaka wa tatu akatoa kipande cha shamba.

Mwanawe alihitimu. Deni lake la Bodi alilipa taratibu kama mimi. Lile shamba halikurudi.

Mnaona? Milioni 9 za Bodi hazikuivunja nyumba ile. Laki 3 za kangomba ziliivunja. Na leo kangomba ana ndugu zake: ile mikopo ya kausha damu ya mjini, mikopo ya kwenye simu inayodai baada ya siku 14, inayowapigia watu wote walio kwenye simu yako kukutangaza. Mzazi anaogopa deni la milioni 16 lisilokua, halafu anachukua la laki 3 linalolipwa mara tatu. Wazee wangu, nawaomba kwa heshima zote. Kama mnaogopa deni, ogopeni hili dogo.

Dawa yake si miujiza. Mtoto yuko kidato cha sita, msimu wa Oktoba umefika, fedha ya mnada imeingia. Toa laki 2, toa laki 3, weka pembeni, iite fedha ya pengo. Isiguswe na harusi, isiguswe na unyago. Najua ninachosema ninapotaja unyago hapa, na wala sidharau mila, mimi mwenyewe nimechezwa. Lakini ngoma inaweza kusubiri mwaka mmoja. Usajili wa chuo una tarehe.

Tuje kwenye kusubiri.

Mwaka 2012 na 2013 nani hapa hakumbuki? Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilikuwa kwenye kila mdomo. Viwanja vya mjini vilipanda bei. Kozi za mafuta na gesi zikafunguliwa vyuoni, watoto wetu wakakimbilia. Bomba la kwenda Dar es Salaam likajengwa, na mwaka 2015 gesi ikaanza kupita kutoka Madimba. Rafiki yangu mmoja wa Mikindani alikuwa ndio kwanza amehitimu. Alipata kazi ya mkataba kwenye maji, akaikataa. "Nasubiri gesi ya Lindi," akasema, "wakianza kujenga Likong'o hawatatutosha." Likong'o ndipo palipopangwa kiwanda cha gesi cha Lindi. Alisubiri miaka 4. Mwaka 2022 zikasainiwa karatasi za awali za mradi huo, na leo ninapozungumza nanyi kiwanda cha Likong'o bado hakijajengwa.

Simlaumu. Alisikia kile tulichosikia wote. Ila kuna kitu hatukuambiwa, nami nakisema kama mtu wa mitambo: ujenzi unaajiri maelfu, uendeshaji unaajiri wachache. Bomba likishafukiwa ardhini linaangaliwa na watu wachache mbele ya kompyuta. Anayechagua kozi kwa kuangalia mradi mmoja anaweka mayai yote kwenye tenga la mwenzake.

Wakati anasubiri, deni lake halikusubiri. Baada ya kumaliza chuo unapewa miezi 24, kisha unatakiwa uanze kulipa, hata usipokuwa na mwajiri. Aliyejiajiri leo anatakiwa atoe angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa aliyeajiriwa, makato yanafuata mshahara, ukiwa mdogo nayo madogo. Kwa asiye na ajira, 100,000 ni 100,000. Yeye alifanya wanavyofanya wengi: alijificha. Akabadilisha laini ya simu. Na enzi zile adhabu ilikuwa bado ipo. Alipopata kazi deni lilikuwa limevimba vibaya.

Kazi aliipata wapi? Kwenye kiwanda cha kubangua korosho, kuhudumia boila. Siku moja nilimkuta pale, ovaroli lake limejaa masizi, ananionyesha vali ya usalama aliyoitengeneza mwenyewe baada ya ile ya zamani kukwama. Akaniambia, "Mvuke ni mvuke tu, uwe wa gesi au wa korosho." Miaka 4 ilikuwa imepita. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kanda hii tangu miaka ya 1970, vingi tuliviona vikigeuka maghala. Sasa kuna kongani mpya, yaani eneo la viwanda vya korosho, Maranje. Kuna pampu za Mitema zinazosukuma maji kuja huku juu. Kuna barabara ya Mnivata, Newala, Masasi. Kuna bandari, kuna kiwanda cha saruji. Kijana, chagua fani inayoweza kuhamia kati ya hivyo vyote: mitambo, umeme, ujenzi, maji. Kazi ya kwanza ikija, hata ndogo, ishike. Mwezi wa mshahara mdogo unashinda mwaka wa kungoja mkubwa.

Na ukishapata digrii, hujawa mhandisi bado. Wengi hawalijui hili. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, nayo tangu 2003 ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3. Unawekwa chini ya mhandisi mzoefu, unajaza kitabu cha kazi zako, anakisaini. Nimesimamia mabinti wawili kwenye mradi mmoja, mshahara mmoja, chuo kimoja. Mmoja kila Ijumaa saa kumi alikuja na kitabu chake. Mwingine alisema atajaza mwishoni. Leo wa kwanza anasaini michoro kwa jina lake na mhuri wake. Wa pili bado anamwandalia mwenzake. Tofauti ya mshahara wao siitaji, lakini ukiilinganisha na deni, mmoja atalimaliza miaka kadhaa mapema.

Kwa wazazi wenye watoto waliopata daraja la chini kidogo, au nyumba isiyoweza kusubiri miaka 4 ya chuo na 2 ya kutafuta kazi: VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo Mtwara na ipo Lindi. Ada ya mwaka ya kozi ndefu ni 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Mdogo wangu wa mwisho alianza hapo, uchomeleaji. Mwaka wa pili alikuwa ameshatengeneza mageti ya nusu ya mtaa wetu. Baadaye akasoma stashahada kwa fedha yake. Na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata stashahada kwa fani zilizoteuliwa. Njia ile ni ndefu zaidi kufika digrii, ila ukiipita unakula njiani. Na waliofaulu sana sayansi kidato cha sita, ulizieni ufadhili wa Rais Samia ulioanza 2022/23. Huo haulipwi kabisa.

Naona mkono wa yule binti pale nyuma. Umeuliza kwenye karatasi yako, "Wewe ungesaini tena?" Ningesaini tena. Ningesaini asubuhi na mapema. Ila ningekwenda na fedha ya pengo mfukoni, na majina yangu yakiwa sawa.

Majina. Hilo ndilo la mwisho, na ndiyo sababu niliomba mje na vyeti. Mwaka jana binti mmoja wa wilaya hii alikuwa Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamis kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wasajili wa vizazi na vifo, ukakwama, maombi yake yakachelewa, muhula wa kwanza akaingia chuo bila mkopo. Baba yake alikwenda wapi? Mmeshajua alikwenda wapi.

Kwa hiyo tufungue vyeti sasa hivi, kabla hatujala. Weka cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha mzazi sambamba mezani, soma herufi kwa herufi, jina la baba na jina la babu. Aliye yatima aje na cheti cha kifo cha mzazi. Panapotofautiana, andika kwenye karatasi niliyogawa, Jumatatu twende kuapa kwa hakimu wote pamoja. Meza ziko pale dirishani. Tuanze na wa Mnyambe na Mkoma, gari lao linaondoka saa tisa.